Siku Mia Mbili na Moja

Mimi si mtu wa kulipia nyumba tupu. Nimelelewa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye akikuta taa inawaka chumbani na hakuna mtu, alikuwa anatuita watoto wote, hata aliye bafuni na povu kichwani, tuje tuitazame hiyo taa. Kwa hiyo ndugu yangu aliponipigia simu kutoka Kakamega kuniambia kwamba figo za Mama zimekataa kazi na daktari hataji tena habari za kupona, nilijua hiyo si safari ya wiki mbili, na nikafanya kama nilivyolelewa. Nilimwendea meneja wa jengo nililopanga pale Columbia Heights, Minnesota, nikampa notisi. Nikasugua jiko mpaka likang'aa, nikamrudishia ufunguo mkononi.

Kazini nako nikafanya vivyo hivyo. Nilikuwa nahudumia wazee katika makao ya wazee, shifti ya asubuhi, na msimamizi wangu aliniambia naweza kuomba likizo bila malipo anishikie nafasi. Nikakataa. Nitamwambiaje anishikie nafasi na mimi mwenyewe sijui kama Mama atakaa kitandani wiki tatu au mwaka? Niliandika barua ya kuacha kazi, nzuri, ya shukrani, wakanikatia keki. Masanduku yangu saba na gari nikayapeleka mji wa jirani wa Blaine kwa rafiki yangu, nesi Mkenya mwenye nyumba kubwa ambayo chumba chake cha chini kimejaa vitu vya watu waliosafiri. Aliyatazama yale masanduku akaniuliza kama nimehama au nimefukuzwa. Kila mtu alinisifu kwamba naondoka kiungwana.

Nikikumbuka sasa nataka kujizaba kofi. Barua ile, ufunguo ule, keki ile, vyote vilikuja kusimama dhidi yangu, na hakuna hata kimoja nilichokifanya kwa ubaya.

Wakati huo nilikuwa nimekaa miaka mitatu na green card, kadi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, niliyoipata kwa bahati nasibu ya viza. Sheria niliyoijua kuhusu safari ni ile inayojulikana na kila mtu baada ya ibada, tukiwa na vikombe vya chai mkononi: safiri, kaa unavyotaka, mradi usifikishe mwaka. Aliniambia mzee wa kanisa, akaniambia mwimbaji wa kwaya, akaniambia rafiki yangu wa Blaine ambaye husoma kila karatasi mpaka maandishi madogo ya chini. Hawakunidanganya. Ili kadi yenyewe isitiliwe shaka, mwaka ndio mpaka wanaouangalia zaidi. Ila uraia una hesabu yake nyingine, na hiyo hakuna aliyenitajia, wala mimi sikuuliza. Niliondoka Januari, theluji ikiwa imefika magotini.

Mama aliishi miezi minne. Nilimwosha, nikamgeuza, nikampaka mafuta miguuni, kazi ileile niliyokuwa nikilipwa kuwafanyia wazee wa watu. Alikuwa akinitania kwamba Marekani imenifundisha kushika mgonjwa kama sahani ya udongo. Tulimzika Mei, chini ya mvua, na siku ile sikulia kwa sababu nilikuwa na wageni wa kulisha. Nililia wiki iliyofuata nikiosha sufuria.

Baada ya wageni kutawanyika ndipo nilipomwona Baba. Alikuwa mwalimu miaka thelathini na kitu, mtu anayeweza kumsimamisha mhubiri njiani kumwambia jinsi alivyokosea kusoma aya. Sasa alikuwa anakula amesimama. Nikimwekea kiti anasema ameketi vya kutosha. Jioni moja alikuja jikoni, akachukua sahani yake, na huku akiangalia ugali akaniuliza, "Na huko kwako, kuna chumba?"

Nikamwambia kipo. Uongo mtupu. Sikuwa na chumba hata kimoja duniani, nilikuwa na masanduku saba chini ya nyumba ya mtu. Lakini Baba hakuwahi kuniomba kitu tangu nizaliwe, na hata hilo hakuliomba, aliliuliza tu kama anayeuliza bei ya sukari. Nilijua kwamba mwenye green card hawezi kumwombea mzazi aje kuishi naye. Raia ndiye anayeweza. Basi pale pale, mwiko ukiwa bado mkononi, nilikata shauri: narudi, napata uraia, namleta Baba. Ndugu yangu alikuwa anakaa naye, lakini ana watoto wanne na duka la kufungua alfajiri, na Baba alikuwa hataki kuwa mzigo wa mtu mwenye watoto wanne. Mimi sina mume, sina mtoto. Mzigo wangu ungekuwa yeye peke yake, na nilikuwa nautaka.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi mapema Julai. Ningerudi siku hiyo, haya yote nisingeyasimulia. Ila kwetu nguo za mama hazigawanywi bila binti wa kwanza, na binti wa kwanza ni mimi. Yeye ndiye anayefungua sanduku mbele ya wanawake wa ukoo, anainua nguo mojamoja, anasema hii ya fulani, hii ya fulani. Siku ilikuwa imepangwa mwisho wa Juni. Kisha mama mdogo, dada pekee wa Mama aliyebaki, akateleza kisimani akavunjika mguu, na nani angethubutu kugawa nguo za Mama dada yake akiwa amelazwa na mguu umening'inizwa? Baba akasema tumngoje. Nikapiga simu Blaine. Rafiki yangu akanijibu huku anatafuna kitu, "Mwaka umefika? Haujafika. Basi kaa ugawe nguo." Nikasogeza tiketi mwezi mzima mbele.

Tuligawa nguo mwisho wa Julai. Mimi nilijichukulia sweta yake ya kijivu yenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine. Nikatua Minneapolis mwanzo wa Agosti. Afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza nilikuwa wapi muda wote huo, nikamwambia nilikuwa namzika mama yangu, akasema pole, akanipitisha. Nikajiona nimemaliza.

Nilianza upya kwa kasi ya mtu aliyeahidi. Wiki ya kwanza nilipata kazi kwenye makao mengine ya wazee, ya pili nikapata nyumba Columbia Heights, kando ya njia ya basi, na safari hii nikachukua yenye vyumba viwili. Kimoja nikakitia kitanda na meza ya kusomea karibu na dirisha. Ndugu yangu akampeleka Baba kuchukua pasipoti. Kila Jumapili baada ya ibada Baba alikuwa akinihoji kwenye simu kama mkaguzi wa shule: hilo dirisha linaelekea wapi, na hao majirani ni watu wa wapi, na hiyo theluji mtu anatembeaje juu yake bila kuvunjika kiuno. Nilimwambia majirani wa juu ni familia ya Wakongo, watu wa kanisa, wanaongea Kiswahili chao cha upande wa Bukavu. Akasema atawasahihisha. Nikamwambia ole wake.

Miaka mitano ya kadi ilipotimia nilienda kwa wakili. Alikuwa mama wa Kimarekani mwenye sauti ya chini, ofisi yake ndogo karibu na yale maghorofa ya Cedar-Riverside, juu ya duka linalouza sambusa na kadi za simu. Nilikuwa nimejaza fomu mwenyewe, nikitaka tu aipitie. Alifika kwenye ukurasa wa safari, akasimama. Akatoa kalenda, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, mwezi kwa mwezi, nami nikimwangalia. Akaandika kwenye karatasi: 201.

Alinieleza polepole. Ukitaka uraia, miaka yako mitano ya makazi lazima iwe mfululizo. Ukikaa nje zaidi ya miezi sita kwa safari moja, hata kwa wiki chache tu, wanachukulia kwamba mfululizo umekatika, na ni juu yako kuthibitisha kwamba haukukatika: kwamba ulibaki na nyumba, ulibaki na kazi, watu wako walibaki hapa. Akaniuliza kama nilibaki na nyumba. Nikasema hapana. Kazi? Hapana. Mume, watoto? Nikamwambia aendelee tu kuuliza, labda atafika mahali nilipobakiwa na kitu.

Alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kungoja mpaka miaka minne na nusu itimie tangu siku niliyotua, ili ndani ya mitano watakayohesabu ile safari isizidi miezi sita, kisha niombe nikiwa safi. Ya pili ni kuomba sasa na kubishana. Yeye angechagua kungoja. Mimi nilikuwa na mzee anayekula amesimama. Nikamwambia tunaomba sasa, maana mama yangu sikumzika kwa siri, na mtu mwenye akili timamu atanielewa. Alinitazama kama mtu aliyewahi kusikia maneno hayo, akafungua faili.

Tulikusanya kila kitu. Ushuru wangu niliupeleka mwaka ule kama miaka mingine. Bima ya gari sikuikata. Leseni ya udereva ilikuwa ya Minnesota. Rafiki yangu aliandika barua kuhusu masanduku saba, akaongeza kwa hiari yake kwamba moja linavuja mchele. Na kulikuwa na karatasi moja niliyoiona ya dhahabu. Kikundi chetu cha akina mama cha kanisani hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, na ratiba hupangwa Januari kwa mwaka mzima. Siku chache kabla sijasafiri niliinua mkono nikachukua Septemba. Karatasi ilikuwepo, na jina langu juu yake, mwandiko wa katibu. Nikamwambia wakili: mtu asiye na nia ya kurudi angejiwekea wageni ishirini Septemba?

Afisa aliyenihoji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, si mkali. Maswali ya historia na serikali niliyajibu yote, nilikuwa nimeyasoma mpaka wazee wangu kazini wakayajua. Kisha akafungua ukurasa wa safari. Alisoma ushahidi wote bila haraka. Alipofika kwenye ratiba ya akina mama aliniuliza ni nini, nikamweleza, na nikaona ameelewa vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Ungewakaribisha wapi?" akaniuliza. "Ulipojiandikisha nyumba ulikuwa umeshaitolea notisi."

Nikamwambia ningetafuta. Na kweli nilitafuta, na Septemba ile walikuja, wakakaa chini kwenye zulia kwa sababu sikuwa na viti. Akaandika. Kisha akavua miwani, akauliza swali ambalo wakili alikuwa amenionya litakuja, akanipa na jibu lake, neno moja tu. Je, muda wote ule niliokuwa Kenya nilikuwa na nia ya kurudi kuishi Marekani?

Neno moja. Lilikuwa pale kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeapa kwa mkono juu kabla ya kuketi, na mimi ni mtoto wa mtu aliyewahi kunirudisha dukani kilomita mbili kwa sababu ya peremende moja iliyozidi. Nikamwambia muda mwingi, ndiyo. Ila baada ya kumzika Mama kulikuwa na wiki kama tatu ambazo sikutaka kurudi kabisa. Sikutaka kuliona tena jengo lolote la hapa, wala mashine ya kumwinulia mgonjwa, wala theluji. Nilitaka kubaki nilime mahindi. Halafu Baba akaniuliza jambo fulani jikoni, na tangu hapo nia yangu haikuyumba hata siku moja. Wakili wangu aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ombi limekataliwa, mfululizo wa makazi ulikatika. Niliisoma nimesimama kwenye sanduku la barua, nikaisoma tena kwenye ngazi, na mlangoni nikaanza kutukana kwa lugha ya mama yangu, matusi ambayo sikujua kwamba nimeyahifadhi. Nilikasirika kwa siku nne. Niliwakasirikia watu wa uhamiaji, nikamkasirikia mama mdogo na mguu wake, nikaikasirikia keki. Wakili alisema naweza kuomba kusikilizwa upya, ila asingependa kunidanganya. Siku ya tano nikamwambia haina haja. Tuhesabu hiyo miaka minne na nusu, aniambie tarehe. Ilikuwa imebaki zaidi ya miaka miwili.

Kumwambia Baba ndiko kulikonipa taabu. Nilianza kwa kuzunguka, akanikatiza. Akaniuliza nimeanguka mtihani au sikuanguka. Nikamwambia nimeanguka. "Mtihani hurudiwa," akasema. "Unajua ni wangapi nimewarudisha darasa la saba wakapita? Wewe rudia, mimi nipo."

Nikajifunga kibwebwe. Sheria ilisema miezi sita, na wakili aliniambia mara tatu, hata akaniandikia kwenye kikaratasi cha njano, kwamba safari isiyofika miezi sita haina neno. Mimi sikutaka kusikia. Sheria ilikuwa imeniuma mara moja nikiwa sijui meno yake yako wapi, na nilijiwekea yangu: sitoki nchi hii zaidi ya wiki nne. Basi. Nyumba sikuiachia, kazi sikuiachia hata walipobadilisha msimamizi mara tatu na wa tatu akawa mkosi. Marafiki walipo-drive hadi Winnipeg kwenye harusi, mwendo wa siku moja kwa gari, mimi nilibaki. Hata Kanada? wakaniuliza. Hata Kanada. Rafiki yangu wa Blaine akaanza kuniita afisa uhamiaji, na watoto wake, ambao Kiswahili wanakisikia lakini hawakijibu, wakawa wananionyesha vitambulisho vyao vya shule mlangoni kwa Kiingereza na adabu zote. Nilicheka, lakini sikulegeza.

Mwaka wa pili wa kungoja, Baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, na ulimi ukawa mzito. Niliomba likizo ya wiki nne, nikapewa, nikasafiri siku iliyofuata.

Nilimkuta mwembamba, amekasirika, anasahihisha kila mtu kwa mkono wa kulia. Nikamshika kama nilivyomshika Mama. Uji asubuhi kijiko kwa kijiko, mazoezi ya vidole, kumkalisha kivulini, kumsomea gazeti ambalo alikuwa analiona limejaa makosa. Wiki ya pili maneno yalianza kurudi, ya tatu akaweza kuketi bila mto. Alikula ameketi, na nikamwambia nimefurahi kuona hatimaye amekubali kiti. Akanionyesha kidole.

Siku ya ishirini na saba nilianza kupanga nguo kwenye begi. Ndugu yangu alikuja kusimama mlangoni. Si mtu wa maneno mengi, na ndiyo maana nilijua amekuwa akilibeba jambo kwa siku kadhaa.

"Dada," akasema, "kwa Mama ulikaa miezi saba. Kwa Baba ni wiki nne?"

Nikamwambia kwa sababu nilikaa miezi saba ndiyo maana Baba yuko hapa na si kwangu. Nikamwambia imebaki miezi michache niombe tena, na nikikaa watapata la kuniuliza tena, na nikianguka mara ya pili mzee huyu atanisubiri mpaka lini? Nikamwambia yote ninayofanya nayafanya kwa ajili yake. Sauti ilikuwa imepanda. Akaniuliza kama sheria ndiyo inayosema wiki nne, na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba yeye hajui mambo ya kule.

Nyumba ya Baba ina kuta nyembamba. Alitugongea kwa fimbo yake, tukaenda wote wawili tumenywea kama tuna miaka kumi. Alichukua muda kulitafuta kila neno.

"Mwache aende," alimwambia ndugu yangu. "Ana mtihani."

Niliondoka kesho yake. Nilimbusu paji la uso, akaniuliza kama kile chumba bado kina meza. Nikamwambia ipo, dirishani. Safari hii haukuwa uongo. Nilitua Minneapolis nimetumia siku ishirini na nane kamili, nikaingia shifti asubuhi iliyofuata, na nilijivunia nafsi yangu jinsi nilivyojikaza.

Baba alifariki wiki tano baadaye, asubuhi, akingoja uji.

Sikuwa na likizo tena, nilipewa siku chache za msiba. Nilienda, nikamzika kando ya Mama, nikasimama kwenye jua kupokea mikono ya wanafunzi wake wenye mvi. Wanne tofauti waliniambia kwamba Baba aliwarudisha darasa la saba na ndio uliokuwa mwaka wa maana maishani mwao. Ndugu yangu hakunisema neno, na ningeona heri angenisema. Sikungoja siku ya kugawa vitu vyake. Nilirudi siku ya kumi na moja. Kwenye ndege nilikuwa nahesabu bado, kwa vidole, kama kichaa.

Tarehe ya kuomba ilipofika, rafiki yangu wa Blaine aliniuliza kwa upole, na yeye upole hauwezi, kama bado nataka kuendelea na mambo hayo. Huyo niliyekuwa namwombea hayupo. Nilikuwa nimejiuliza hivyo mwenyewe kila siku kwenye basi. Nikamwambia nilimwahidi Baba kwamba narudia mtihani, na sijawahi kumrudishia mwalimu huyo karatasi tupu. Nikajaza fomu siku ileile, jikoni kwake, watoto wake wakinitajia maswali ya serikali kwa zamu.

Afisa wa mara hii alikuwa mwanamume mwenye umri, mvi kidogo, koti limechakaa viwikoni. Aliniapisha, tukaketi. Maswali ya serikali nilipata sita kwa sita, na sita ndiyo yanayotosha kupita, akaacha kuuliza. Nikasoma sentensi ya Kiingereza, nikaandika nyingine. Wakili alikuwa kando yangu na faili nene kupita kiasi: mikataba ya nyumba ya kila mwaka, hati za mshahara, barua za kazini, kila kitu kimepangwa. Afisa hakulifungua. Alikuwa anatazama ukurasa wa safari: ile ndefu ya zamani aliipita, akasimama kwenye mistari miwili mipya.

Akaniuliza ya kwanza ilikuwa ya nini. Nikasema kumuuguza baba yangu. Na ya pili? Kumzika. Akasema pole, na alimaanisha. Akapiga hesabu pembeni mwa karatasi, ishirini na nane, kumi na moja.

"Safari hizi ni fupi sana," akasema. "Ungeweza kukaa zaidi, unajua. Chini ya miezi sita tusingekuuliza chochote."

"Najua," nikamwambia.

Nilijua. Niliijua sheria ile kumshinda yeye, nilikuwa nayo kwenye kikaratasi cha njano ndani ya mkoba uliokuwa magotini mwangu wakati ule ule. Ningekaa kwenye kile kiti kando ya kitanda chake, nimpe uji siku zote alizokuwa amebakiza, nimfumbe macho, nimzike, ningoje mpaka vitu vyake vigawanywe, na yote hayo yasingefika siku mia. Hakuna aliyenizuia. Serikali haikunizuia, wakili hakunizuia, ndugu yangu alinisihi mlangoni. Ni mimi niliyeogopa, nikauita woga wangu bidii, na Baba akaniamini.

Afisa akaniambia nimepita, akanisukumia karatasi na kunionyesha mahali pa kutia sahihi. Nikatia, kwa mwandiko uliosimama vizuri, nikamrudishia kalamu yake.